Mitungi Mitatu Iliyooshwa

Nitegulie hiki, wala usikimbilie kunipa mji: nilipewa nikakitunza, hakikuwa changu, nikakirudisha kwa mwenyewe, nikafungwa.

Umekosa? Usione haya. Inspekta Zuwena, aliyelelewa na bibi yake pale Mabawa kwa uji na vitendawili, hiki kilimchukua Jumanne nzima, tena kwa kuzunguka na gari la polisi hadi Kigombe na kurudi. Wewe ukikipata kabla yake, nyamaza nacho tu, tufike wote.

Saa mbili asubuhi Zuwena alikuwa amesimama mbele ya meza ya maabara ya kituo cha utafiti wa maji, akiitazama mitungi mitatu ya kioo. Mmoja wa Mabawa, mmoja wa Nguvumali, mmoja wa Kigombe, kila mtungi umebandikwa karatasi yenye jina la kisima chake. Kwa miezi mitatu mitungi hiyo ilikaa na maji ya visima hivyo pamoja na vidudu vyake. Jana Jumatatu asubuhi ilikutwa mitupu. Kabla ya adhuhuri mlinzi wa kituo kile cha utafiti, Mzee Mwinyijuma, alikuwa ameshaingizwa mahabusu, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa na funguo, na kwa sababu alipoulizwa alikataa kusema.

Simu ilitetema mfukoni. Alikuwa Afande Asheri, mkuu wake.

"Kesho saa mbili mzee anapelekwa mahakamani. Wizi wa mtumishi. Nikamilishie jalada, Zuwena, usinitafutie hadithi."

"Jalada lina mstari mmoja mtupu, afande."

"Upi?"

"Mwenye mali."

"Ujaze basi," akasema Asheri, akakata.

Zuwena alivaa mipira ya mikono, akauinua mtungi wa kwanza. Ulikuwa umefudikizwa juu ya kitambaa safi, kama vyombo vya mwanamke mwenye mkwe nyumbani. Vifuniko vyake vya kitambaa cha bafta vilikuwa vimefuliwa na kukunjwa kando, kimoja juu ya kingine. Alama za vidole hakuna. Kioo kilikuwa kinang'aa. Akauinamia mdomo wa mtungi, akanusa. Akanusa na wa pili.

"Nani kaiosha?" aliuliza.

"Hakuna," akajibu Dokta Bertha. "Tuliikuta hivyo."

"Mnaoshea nini vyombo vyenu hapa?"

"Sabuni ya maabara, kisha spiriti."

"Hii inanukia ndimu."

Bertha alikuwa mwanamke wa Lushoto, mwembamba, koti jeupe limefungwa hadi kifungo cha juu. Kazi yake ni viumbe hai, na alizungumza kana kwamba kila neno linapimwa kwenye mizani. Ndiye aliyepiga ripoti polisi. Pembeni yake alisimama Mhandisi Rahimu, kijana wa Nguvumali mwenye kitambi kinachoanza, aliyetengeneza chujio la maji. Wa tatu, karibu na dirisha, alikuwa Dokta Inara Jafferji, msomi wa dini za Bara Hindi. Yeye hakugusa mitungi wala chujio. Kazi yake ilikuwa vitabu. Na kweli mtu angeuliza, vitabu vya dini na vidudu vya kisimani vimekutana wapi? Zuwena naye aliuliza.

"Kuna watu wa kale kule Bara Hindi, Wajaini," alieleza Inara. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Dini yao inakataza kudhuru chochote chenye uhai. Maji ya kunywa huyachuja kwa kitambaa, kisha kile kitambaa hukisuuza, na vilivyonaswa huvirudisha kisimani. Si kisima chochote. Kisima kilekile vilikotoka, maana kwingine vitakufa."

"Nawe ni wa dini hiyo?"

"Mimi Mwislamu, Inspekta, kama baba na babu. Najifunza tu watu walifikiri nini."

"Sisi tukaona mle mna akili," Rahimu akadakia. "Kisima kina vidudu, vidudu vinakula viluwiluwi vya mbu. Ukichuja maji ukavitupa vidudu, umekunywa maji safi, usiku unaumwa na mbu. Ukivirudisha, umepata vyote viwili. Bertha anahesabu, mimi nachuja, Inara anasoma. Wafadhili wakapenda."

"Na chujio lako linafanya kazi?"

Rahimu alijikuna kidevu. "Nikwambie kweli? Jana nilipoona mitungi mitupu nilimshukuru Mungu. Asubuhi hiyo tungelipima mbele ya wafadhili. Linawavunja vidudu miguu, maskini."

"Kwa hiyo wewe una sababu ya kuwapoteza."

"Sababu ninayo. Nafasi ndiyo sina. Ijumaa jioni mpaka Jumapili usiku nilikuwa Korogwe, harusini kwa shemeji yangu. Kuna picha zangu mia, na katika zote nimeshika sahani."

Alimwonyesha simu. Zuwena aliangalia picha kumi na mbili na tarehe zake, sahani aliziona, akamrudishia.

"Dokta, mara ya mwisho uliwaona lini?"

"Ijumaa saa tano asubuhi," alisema Bertha. "Mia mbili na kumi na wanne, kwa kukadiria."

"Na maabara?"

"Hufungwa Ijumaa jioni, hufunguliwa Jumatatu. Mzee alikuwa zamu usiku wa Jumapili. Ndipo walipoibwa."

"Umejuaje kwamba ni Jumapili?"

"Yeye ndiye aliyekuwapo."

"Hilo linaonyesha mlinzi alikuwapo Jumapili. Halionyeshi vidudu vilikuwapo."

Zuwena aliandika kwenye daftari lake: *Ijumaa saa tano hadi Jumatatu. Siku tatu, si usiku mmoja.*

"Wangekuwa na faida gani kwa mwizi?"

"Wa Nguvumali wana thamani kubwa." Hapo macho ya Bertha yaliwaka kwa mara ya kwanza. "Kamba wadogo weupe, hawana macho kabisa. Kisima cha katikati ya mji! Makala nimeshaiandika. Jana jioni nilikuwa niwatie wote kwenye spiriti, niwahesabu kwa hadubini."

"Wafe?"

"Kiumbe akitembea huwezi kumhesabu sawasawa."

Inara alikuwa amegeuka, anatazama nje, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta na tangi la maji.

Zuwena akalifungua jalada, akaweka kalamu kwenye ule mstari. "Nataka jina. Wizi hauna maana bila mwenye mali. Hawa waliopotea ni wa nani?"

"Wa kituo," alisema Bertha.

"Kuna karatasi ya kuonyesha hivyo?"

"Karatasi za vijijini alizishughulikia Inara, sisi tulitia sahihi tu."

"Mimi nilidhani ni wa Bertha," alisema Rahimu. "Ukimgusia mmoja tu, anakutazama kama umemfinya mwanawe."

"Dokta Jafferji?"

Inara hakugeuka upesi. "Nitakutafutia jibu," alisema.

"Ni swali la neno moja."

"Najua."

Zuwena hakumsukuma. Bibi yake alikuwa akisema, chungu ukikifunua mara kwa mara hakiivi.

---

Mzee Mwinyijuma alikuwa ameketi chini mahabusu, miguu ameikunja, kofia yake ya kitambaa ipo gotini. Alipomwona Zuwena alijaribu kuinuka.

"Kaa, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mmelala salama huko?"

"Salama. Wewe?"

"Mie nimezoea kukesha. Tofauti leo ni kwamba nalindwa mimi."

Zuwena alijizuia asicheke. Akamsomea haki zake kama utaratibu unavyotaka, akamwuliza kama anataka kutoa maelezo.

"Natoa ya jina na ya makazi. Yaliyobaki, yupo wa kusema kabla yangu. Mie nitasema wa pili."

"Nani huyo?"

"Akisema, utamjua."

"Mzee, kesho unapelekwa mahakamani. Ukipatikana na hatia ni kifungo, na una miaka sitini na tisa."

"Sabini. Hiyo karatasi ya serikali ilinipunja."

"Uliiosha wewe mitungi?"

Mzee aliipapasa kofia yake.

Karani alileta kidau cha wino na fomu. Kalamu mzee hakuitaka. Hakuwahi kukaa darasani, alisema, madrasa yenyewe alisoma kwa kukariri. Zuwena akamshika mkono, akamgandamiza dole gumba kwenye wino.

"Taratibu, mwanangu," alisema Mwinyijuma. "Dole hili mwaka huu limeshatumika mara moja. Tena siku ile lilikaa kwenye jambo la heshima."

"Jambo gani?"

Akatabasamu, mapengo mawili yakaonekana. "Hilo nalo ni la wa kwanza kusema."

Nje ya chumba Zuwena alifungua daftari la zamu alilolichukua kule kwenye utafiti. Mlinzi wa Jumamosi mchana hakuwa Mwinyijuma. Siku yake ya mapumziko ilikuwa Jumamosi, na kando ya jina lake msimamizi alikuwa ameandika kwa penseli: *kwao Kigombe, anarudi Jumapili*. Ijumaa jioni, hata hivyo, ndiye aliyefunga milango.

Akaziomba funguo za gari.

---

Kisima cha Kigombe kimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, mdomo wake umelainishwa na kamba za kuchotea za watu waliokwisha kufa zamani. Wanawake watano walikuwa pale wanachota. Anayekiangalia alikuwa Bi Mboni, mama mnene wa kanga mbili, aliyekuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa na anatoa amri kwa kidole.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Polisi?" Alimpima kutoka viatu mpaka mtandio. "Kuna samaki kavunja sheria?"

"Kuna kamba wamepotea."

Wanawake wakacheka wote kwa pamoja. "Hao hawakupotea," alisema Bi Mboni. "Njoo."

Akamnyang'anya msichana mmoja ndoo yake, akaiinamisha juani. Ndani ya maji, juu ya weupe wa plastiki, vitu vidogo kama vipande vya ukucha vilikuwa vinaogelea. Zuwena alipiga magoti. Vilikuwa na miguu na ndevu ndefu. Mahali pa macho hapakuwa na kitu.

"Hawa ni wa hapa?"

"Tangu bibi wa bibi yangu. Hawaoni, na hawahitaji, mle ndani giza tupu. Walipochukuliwa, haikupita miezi miwili tukaanza kuona viluwiluwi kwenye mitungi yetu. Sasa wamerudi."

"Lini?"

"Jumamosi, baada ya adhuhuri."

"Nguvumali kuna kama hawa?"

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. "Nguvumali," alisema msichana mwenye ndoo, "kuna vyura na maneno."

Zuwena alikaa juu ya visigino vyake. Karatasi ya mtungi ilisema kamba wasio na macho ni wa Nguvumali. Daftari la Dokta Bertha lilisema hivyohivyo, na makala yake pia. Basi siku ya kuchota maji, mtu alibandika karatasi mbili kwa kubadilishana, na kwa miezi mitatu wasomi watatu waliamini karatasi. Msomi yeyote angerudisha vidudu kwa kufuata kilichoandikwa: kamba hawa wangemwagwa Nguvumali, wafe huko. Lakini aliyewarudisha aliwaleta nyumbani kwao. Hakusoma karatasi. Aliwatazama wenyewe.

Na pale kituoni palikuwa na mtu mmoja tu asiyejua kusoma.

"Mwinyijuma aliwaleta," alisema.

"Kwa ndoo ya mfuniko, kaipakata ndani ya basi kama mtoto," alisema Bi Mboni. "Akatuomba na ndimu, akaoshe mitungi ya watu itoke shombo. Sasa tumesikia mmemfunga."

"Aliwatoa bila ruhusa ya kituo."

"Ruhusa ya nini?" Bi Mboni alishuka kwenye ndoo yake. Hakupaza sauti. "Walikuja hapa watatu. Yule binti wa Kihindi, mwenye adabu, akatusomea karatasi. Akasema, mtupe vidudu vyenu kwa miezi mitatu, tutavirudisha hai, kisima hikihiki, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa. Akatueleza na habari za watu wa kwao wa zamani wanaochuja maji kwa bafta. Tukapenda. Ila mie nikasema, nyie ni wageni, nani anawadhamini? Wakamtoa Mwinyijuma, mtoto wa hapa. Akatia dole. Kwetu mtu akipewa kitu kwa siku iliyotajwa, ile ni amana. Siku ikifika, wasomi wasipoonekana, tunakwenda kwa mwenye dole."

"Mlikwenda?"

"Hakungoja tuende."

Pale kisimani, mwenzangu, ndipo kitendawili kilipotegulika, kwa neno lile amana, ila Zuwena hakuwa na wa kumwambia.

"Hiyo karatasi iko wapi, bi mkubwa?"

"Waliondoka nayo. Nakala tuliambiwa italetwa." Bi Mboni alifungua viganja vyote viwili, vitupu. "Bado inaletwa."

Kwenye gari Zuwena alimpigia Afande Asheri, akamweleza yote.

"Una karatasi?" aliuliza Asheri.

"Nina wanawake watano na ndoo ya kamba."

"Hakimu hatakubali ndoo. Kuna mlalamikaji daktari na kuna mlinzi aliyetoa vitu vya mwajiri wake kwa siri. Bila karatasi, kesho anapanda kizimbani."

---

Inara Jafferji alikuwa na chumba chake cha kusomea ghorofani, juu ya duka la vitambaa la baba yake. Zuwena alipanda ngazi saa tisa na nusu, akapita katikati ya harufu ya bafta mpya na udi. Meza ilikuwa imejaa vitabu vya Kigujarati. Baadhi vilikuwa vimefungwa kwa uzi. Kwenye kiti kulikuwa na birika la chai iliyopoa.

"Karibu, Inspekta. Nikuchemshie nyingine?"

"Nitakunywa nikimaliza. Nimetoka Kigombe."

Inara aliketi.

"Nikisema uongo nisahihishe," alisema Zuwena. Akaweka jalada mezani. "Ijumaa jioni Mwinyijuma alifunga milango, na alipoifunga aliondoka na ndoo tatu. Za Mabawa na Nguvumali alizimwaga njiani kwenda nyumbani. Ya Kigombe akasafiri nayo kesho yake. Jumapili akaiosha mitungi kwa ndimu, akaifudikiza. Alitimiza tarehe iliyokuwa kwenye karatasi, tarehe ambayo ninyi mliiruka bila kuwaambia wenye kisima. Na jana badala ya kuwarudisha, mlikuwa mnawatia spiriti."

"Bertha alihitaji hesabu iliyo sawa," alisema Inara. "Alisema ni vidudu tu. Nami nilisema... sikusema kitu."

"Umesoma miaka mingapi habari za hao Wajaini?"

"Kumi na mmoja."

"Na mzee yeye alisikia mara ngapi?"

"Mara moja. Pale kisimani, nilipokuwa nawaeleza wao." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Baadaye lindoni alikuwa akiniuliza. Wakikosea kisima, Dokta, inakuwaje? Wakichelewa siku, inakuwaje? Nilidhani ananipitishia muda."

"Wale kamba wasioona ni wa Kigombe, si Nguvumali. Yeye alijua."

Inara aliinua macho. Zuwena alimwona anapiga hesabu: makala ya Bertha, ripoti ya wafadhili, miezi mitatu ya daftari.

"Aliwahi kuniambia," alisema Inara polepole. "Aliniambia, Dokta, hawa wamekaa kwenye jina la watu wengine. Nikamwambia Mzee, karatasi haikosei."

Chini dukani mzee Jafferji alikuwa anapima kitambaa. Mlio wa kuchana bafta ulipanda ngazi.

"Karatasi ya Kigombe unayo?"

"Wafadhili wana sharti moja wasilolilegeza," alisema Inara. "Ahadi kwa wanakijiji ikivunjwa, utafiti unafungwa siku hiyohiyo. Wangu, wa Bertha, wa Rahimu. Miaka mitatu. Nilijiambia watamwachia mzee, ni suala la siku mbili tatu, mtaona hana kosa."

"Tumeona. Lakini kuona si ushahidi." Zuwena akaangalia saa. "Anasema kuna mtu wa kusema kabla yake, yeye atasema wa pili. Jina hakulitaja. Nimemgandamiza dole kwenye wino mimi mwenyewe, hakulitaja."

Chini kitambaa kingine kilichanwa. Inara akainuka. Alisogeza vitabu viwili vilivyofungwa kwa uzi, na chini yake ikatoka bahasha ya kaki. Hakulazimika kuitafuta. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja, na chini ya karatasi, kando ya sahihi tatu za kalamu, dole gumba la wino wa samawi, kubwa, limekaa sawasawa bila kupakaa.

Zuwena aliisoma mara mbili. Akalifungua jalada, akatoa kalamu, akaiweka kwenye mstari uliokuwa mtupu tangu asubuhi.

"Nakuuliza tena, Dokta. Mwenye mali ni nani?"

"Watu wa kisima cha Kigombe," alisema Inara. "Andika jina la Bi Mboni. Muda wetu uliisha Jumamosi, na ahadi ilikuwa yangu mimi, si ya mzee. Yeye aliibeba tu, kwa ndoo."